Nani Yuko Ndani ya Sanduku?

South B, Nairobi
Jumapili usiku

Kwako Salma, shoga yangu,

Assalaam alaykum. Natumai wewe na mama hamjambo, na kwamba mvua za Tanga hazijaingia tena darasani. Sisi huku tuko salama, tunalalamikia bei ya unga kama kawaida.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Nimeamua kukuandikia barua kabisa, maana swali ulilouliza halijibiki kwa kidole gumba nikiwa nimesimama ndani ya matatu. Wasichana wako wa kidato cha tatu wamekubana: je, mashine zenye akili zitakuja kututawala? Na wewe, mjanja, badala ya kujibu ukawaambia una rafiki Nairobi aliyekuwa akiifundisha kompyuta. Nimecheka peke yangu. Ni kweli niliifundisha, ila si kwa namna wanayoifikiria wao. Halafu kuna lile la pili, la mchezo gani muigize siku ya wazazi. Hilo nalo nina jibu, tena ndilo lililonifurahisha zaidi.

Mimi filamu za majitu ya chuma yenye macho mekundu hazinitishi. Zinanichosha. Kila moja ni ile ile: mashine inaamka, inawachukia walioiunda, miji inateketea, jasiri mmoja anachomoa waya. Nikiona mashine inayosifiwa kuwa na akili, ninalouliza ni swali dogo la kimbea: nani yuko ndani?

Swali hilo halikuanza na mimi. Mwaka 1770, katika jumba la Malkia Maria Theresa huko Vienna, afisa wa serikali yake aitwaye Wolfgang von Kempelen alileta sanduku kubwa la mbao, na nyuma yake limeketi sanamu la mwanamume mwenye kilemba na joho la Kituruki. Juu ya sanduku palikuwa na ubao wa sataranji. Kempelen alifungua milango, akapitisha mshumaa watu waone magurudumu yenye meno, akaifunga, akatia ufunguo kama wa saa. Mturuki wa mbao akanyoosha mkono, akasogeza kete. Na akawa anashinda. (Kwa nini kilemba? Nadhani kwa watazamaji wale mtu wa Mashariki tayari alikuwa nusu kiini macho.)

Sanduku hilo lilizungushwa Ulaya na Marekani kwa miongo. Benjamin Franklin alicheza nalo Paris. Napoleon alicheza nalo mwaka 1809, akashindwa. Wasomi waliandika vijitabu, huyu akisema ni sumaku, yule akisema ndani mna mtoto. Kumbe mlikuwa na mtu mzima, fundi wa sataranji, amejikunja juu ya kiti cha kuteleza. Ukifunguliwa mlango huu anasogea kule, ukifunguliwa ule anarudi huku. Alimulika kwa mshumaa, na moshi wake ulipotea katika moshi wa mishumaa iliyowashwa nje makusudi.

Mmoja wa mafundi wa mwisho kukaa mle aliitwa William Schlumberger. Mwaka 1836 mwandishi Edgar Allan Poe alilichambua sanduku lile katika makala ndefu, na katika yote aliyoyasema lililonikaa ni hili: Schlumberger alipougua wakiwa mjini Richmond, maonyesho yalisimama. Mashine ilikuwa nzima, lakini haikucheza mpaka yeye apone. Mwaka 1838 homa ya manjano ilimuua Havana, mwenye maonyesho wa wakati huo naye akafia baharini mwaka huo huo, na sanduku halikupata tena maisha yake ya zamani. Liliteketea kwa moto Philadelphia mwaka 1854.

Mimi, Salma, nimekaa ndani ya sanduku la namna hiyo.

Jengo letu lilikuwa kando ya barabara ya Mombasa, ghorofa nzima meza na skrini, zamu ya mchana na zamu ya usiku. Kazi yenyewe hivi: unaletewa picha ya barabara iliyopigwa na kamera ya gari, mji wa ng'ambo usioujua jina, mara nyingi mvua inanyesha na taa zinang'aa juu ya lami. Unashika mausi, unamzungushia kila mtu aliyemo vidoto, kichwani, begani, kwenye kiwiko, chini mpaka kiatu, hadi umfunge. Halafu unampa jina: mtembea kwa miguu. Kisha baiskeli, kisha pikipiki, nguzo, mti. Pembeni mwa skrini saa inahesabu sekunde zako.

Ungedhani ni kazi ya kitoto. Lakini mtu anayeikokota baiskeli, tumhesabu mwendesha baiskeli au mtembea kwa miguu? Mwanamke anayesukuma kigari cha mtoto ni kitu kimoja au viwili? Na mtoto mwenyewe je, ambaye hatuoni ila soksi yake? Mtu aliyechorwa kwenye bango si mtu. Sura ya mtu inayoonekana kwenye kioo cha duka si mtu. Aliyelala kwenye benchi chini ya blanketi ni mtu, lakini tulibishana juu yake mpaka supavaiza akatuma swali ng'ambo, na jibu lilipofika, tulikuwa tumeshawafunga wa aina yake kwa namna mbili tofauti. Kurasa za maelekezo zilibadilishwa kila tulipozizoea. Mstari ukipita nje ya bega kidogo tu, kazi inarudishwa, na kazi iliyorudishwa huirudii kwa malipo.

Sasa kuna gari mahali fulani duniani linalopunguza mwendo likimwona mama na kigari cha mtoto. Watu watasema gari lina akili. Nami nasema ile soksi niliizunguka mimi.

Na wenye biashara hawajaficha sana. Amazon ilipofungua mwaka 2005 soko la vijikazi vya mtandaoni, vile ambavyo kompyuta haiviwezi na mtu anavifanya kwa senti chache, ililipa soko hilo jina la yule yule Mturuki. Sijui nicheke au nishukuru kwa ukweli wao.

Ila usiwaambie wasichana kwamba hakuna mashine, kwamba yote ni mtu na pazia. Hapo utawadanganya. Garry Kasparov aliposhindwa na kompyuta Deep Blue mjini New York mwaka 1997, yeye bingwa wa dunia wa sataranji, shaka yake ilikuwa ni mkono wa binadamu. Alitaka aonyeshwe kumbukumbu za mashine. Alikuwa akimtafuta Schlumberger. Safari hii sandukuni hamkuwa na mtu. Waliokuwamo waliingia mapema wakatoka: wahandisi, na Joel Benjamin, aliyewahi kuwa bingwa wa sataranji wa Marekani, aliyewasaidia kuinoa. Hizi akili unde za leo, ambazo huko kwenu mnaziita akili mnemba, ndivyo zilivyo. Unapoongea nayo saa saba za usiku hakuna kijana wa Nairobi aliyekesha akikuandikia majibu. Alikwishamaliza zamu yake, pengine miaka miwili iliyopita.

Wengine walikaa pabaya kuliko mimi. Januari 2023 jarida la Time la Marekani liliandika habari za wafanyakazi wa hapa Nairobi waliokuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi machafu mno, ya ukatili na ya kunajisi watoto, wakiyatia alama, ili ile programu ya mazungumzo ambayo dunia nzima ilikuwa imeanza kuisifu ijue yasiyotamkika. Nikisikia mtu akisifu adabu yake na upole wake, huwa nanyamaza. Upole ule umepita kwanza machoni mwa watu.

Sasa tuje kwenye mchezo wa siku ya wazazi. Achana na ile tamthilia ya nyoka na msichana mnayoirudia kila mwaka. Chukua ya Mcheki Karel Čapek, iitwayo R.U.R. Iliigizwa katika ukumbi wa taifa huko Prague mwaka 1921, na ndiyo iliyoizalia dunia neno roboti. Lakini roboti wake si wa chuma hata kidogo. Wanakandwa kama unga ndani ya mapipa makubwa, wana ngozi, wana mishipa, ukikutana nao barabarani hutawajua. Wanauzwa kwa maelfu kutoka kisiwa chenye kiwanda kimoja tu, na meneja mkuu, Domin, anajua kwa nini wananunuliwa. Anamuuliza mgeni wake, mfanyakazi bora ni yupi? Mgeni anabahatisha: mwaminifu, mwenye bidii. Hapana, asema Domin, ni yule wa bei nafuu, mwenye mahitaji machache kuliko wote. Nilipoisoma sentensi hiyo mara ya kwanza nilikuwa ndani ya basi narudi kutoka zamu ya usiku, nikaifunga simu nikaangalia nje dirishani mpaka Bellevue.

Ile sehemu ya utangulizi inatosha kwa wasichana wako, na inachekesha kweli kweli. Mgeni huyo ni Helena, binti wa rais, amekuja kisiwani kuwatetea roboti, kudai haki zao. Anakaribishwa ofisini, anamkuta karani anapiga taipu, msichana mzuri, mwenye adabu, anaitwa Sulla. Domin anamwambia: huyu ni roboti. Helena hakubali katu. Basi Domin, bila haya, anajitolea kumpeleka Sulla akapasuliwe ili mgeni aone kilichomo ndani, na Helena anapiga kelele. Sulla mwenyewe hajali. Punde wanaingia mameneja wa kiwanda, binadamu watupu, na Helena, aliyekwisha kuchanganyikiwa, anadhani hao ndio roboti. Anaanza kuwahutubia waamke wadai uhuru wao, nao wanapigwa na bumbuazi. Umeona? Čapek alimtoa fundi ndani ya sanduku akamweka jukwaani, halafu akatuuliza ni yupi. Wape wasichana wenye sauti nzito hao mameneja, na Sulla mpe yule mkimya anayekaa nyuma, yule uliyesema haongei darasani. Atakaa pale na taipu yake na hadhira nzima itamtazama yeye.

Mwisho wa tamthilia, roboti wanaasi na kuwaua watu wote isipokuwa mmoja, mjenzi mzee aitwaye Alquist. Wanamwacha kwa sababu anafanya kazi kwa mikono yake kama wao. Filamu zote zile za macho mekundu zimeuchukua uasi na kuisahau sababu. Čapek hakuwa akiota juu ya vyuma; alikuwa akivitazama viwanda vya wakati wake na watu waliokuwa wakitumika ndani yake.

Wazazi wakiuliza uasi wa kweli uko wapi, waambie uliwahi kutokea hapa, kimya kimya, bila moto. Tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya watu 150 walikutana Nairobi, wengi wao wakiwa wale wanaochuja uchafu wa mitandao na kuziwekea alama programu za akili unde, wakapiga kura kuanzisha chama chao cha wafanyakazi. Siku ya wafanyakazi, ukumbi, mikono juu. Ndiyo sura ya mafundi wanaotoka sandukuni ninayoijua mimi, na hakuna aliyekuja kuitengenezea filamu.

Kuna jambo jingine, kwani sikutaka barua iishie kwenye kazi na mishahara, maana wasichana wa miaka kumi na sita hawatalala wakiwaza mishahara. Uliniambia mmoja wao huwa anaieleza programu ya simu mambo ambayo hamwambii mama yake. Msikilize huyo kuliko wote. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, Myahudi aliyezaliwa Berlin na kukimbilia Marekani na wazazi wake akiwa mtoto, alitangaza programu aliyoiunda katika chuo cha MIT, akaipa jina ELIZA. Ilikuwa kitu chepesi mno. Ilinasa neno katika sentensi yako na kukurudishia kama swali, ikiiga namna fulani ya wataalamu wa nafsi wanaokuacha uzungumze. Ukiandika kwamba umechoka na mama yako, inakuambia: nieleze zaidi kuhusu familia yako. Basi. Haikujua mama ni nini.

Katibu wake Weizenbaum alikuwa amemwona kwa miezi akiiunda. Alijua ni mchezo wa maneno. Siku moja akakaa mbele yake aijaribu, na baada ya kuandikiana nayo kidogo tu, akamwomba Weizenbaum atoke chumbani. Alitaka faragha! Mwenye programu alishtuka kiasi kwamba mwaka 1976 alitoa kitabu kizima cha kuonya kwamba kuna kazi ambazo kompyuta isipewe hata kama inaziweza, na hakuacha kuyasema hayo mpaka alipofariki mwaka 2008. Watu wa fani yake walimwona mkorofi.

Nikiliuliza swali langu la kimbea kuhusu ELIZA, jibu linanitia baridi. Ndani hamkuwa na mtu, wala hapakuwa na zamu ya usiku. Aliyekuwa ndani ni yule yule katibu. Sauti aliyoisikia ilikuwa yake. Kwa hiyo usimgombeze msichana wako, na usiichukue simu. Muulize tu, kwa upole wako ule, programu imemwambia nini ambacho yeye hakukisema kwanza. Anaweza akakuambia jambo zuri. Hizi za leo zimesoma maandishi ya mamilioni ya watu, si kama ile, na ushauri wake mara nyingi ni wa maana. Lakini mama yake akikosea atakuja kumwomba radhi, na akiugua ataugua naye nyumbani humo.

E. M. Forster, Mwingereza, aliliona la namna hiyo hata kabla ya redio kuingia majumbani. Katika hadithi yake ya mwaka 1909 watu wote wanaishi chini ya ardhi, kila mmoja na chumba chake, Mashine inawaletea chakula, hewa, muziki na nyuso za wenzao. Mwana anamwomba mama yake aje amtembelee ana kwa ana. Mama anashangaa, si wanaonana tayari? Sehemu ninayoipenda si anguko la mwisho, ni yale ya katikati: muziki unaanza kukwaruza, hewa inanuka, watu wanalalamika kidogo, halafu wanazoea, na baada ya muda hawasikii tena kasoro. Hakuna aliyebaki anayeijua Mashine yote. Hilo ni sanduku tupu kabisa, nalo naliogopa kuliko lenye mtu.

Usije ukadhani nimekuwa adui wa vyuma. Kule Kinshasa kuna mhandisi, Thérèse Izay Kirongozi, ambaye tangu 2013 anajulikana kwa roboti wake wa barabarani: jitu la alumini la zaidi ya mita mbili, linatumia jua, linageuza kifua na kunyoosha mikono kuongoza magari, na lina kamera. Nimeona picha zake, miwani myeusi usoni, madereva wametulia kabisa. Na kwa nini wasitulie? Halina mfuko wa kutilia kitu kidogo. Huyo kamtengeneza mwanamke wa Kiafrika kwa shida ya mtaani kwake, na ukimuuliza nani yuko ndani atakufungulia mlango akuonyeshe. Wasichana wako wa sayansi waambie habari zake. Wa fasihi waachie Čapek.

Yule mwanafunzi wako Zuhura na hadithi yake ya roboti-mwalimu anayewafungia wanafunzi darasani: nimeisoma, ana jicho. Ile sehemu ya roboti kuita majina na kuyatamka vibaya ni nzuri mno, asiiguse. Mapinduzi ya mwishoni ayapunguze. Badala yake atuambie roboti yule alijifunza wapi kufundisha. Lazima kuna mtu aliyekaa mahali akamsomea mitihani ya miaka kumi na kumwonyesha jibu lipi ni sahihi, na pengine mtu huyo ni mwalimu mstaafu wa Tanga hiyo hiyo, anayelipwa kwa ukurasa. Akitaka, mtu huyo apite dirishani siku milango imefungwa.

Nakala ya R.U.R. niliyoipata ni ya Kiingereza, Kiingereza chepesi. Mtatafsiri wenyewe, na kwa utangulizi peke yake haiwachukui muda. Nimempa binamu yangu Hassan anayeshuka Mombasa Ijumaa, naye ataipakia kwenye basi la Tanga, kwa hiyo Jumamosi uwe na simu mkononi. Jina lako nimeliandika kwa kalamu nene juu ya bahasha. Mwalimu mkuu asiifungie kabatini kama ile kamusi. Na Zuhura akishamwandika huyo mwalimu mstaafu, nitumie ukurasa huo kabla hujausahihisha.

Msalimie mama sana, mwambie visheti vyake tumevimaliza siku ile ile.

Wako,
Mwanakombo